Daraja na Paa Lake

Msomaji, yamkini njia yako ya kwenda shule hukata kijito. Ukiwa mkaazi wa Kitale, maji yake hushuka kutoka vilima vya Cherangani au mlima Elgon; ukiwa wa Bungoma, labda ni Kuywa, au Kibisi, au Nzoia wenyewe, mto mkubwa uyapokeao maji ya mito hiyo na kuyapeleka katika Ziwa Viktoria. Juu ya kijito hicho pamelazwa magogo mawili, na juu ya magogo mbao za kukingama, na kando yake ufito wa kushikia mkono. Hilo ndilo daraja lako. Umelivuka mara elfu wala hukupata kuuliza ni la nani. Nataka tuulize leo. Swali hili lilinikuta mimi zamani bila jibu, na kukosa kwangu jibu kulimgharimu mtu mwingine.

Nitaanza mbali kidogo, katika nchi za baridi. Watu wa Uswisi, wa Marekani na wa Kanada walipojenga madaraja ya mbao katika mashamba yao, wengi waliyaezeka paa na kuyakinga kwa kuta pande zote mbili, hata daraja likawa mfano wa nyumba ndefu iliyo wazi huku na huku, imesimama juu ya maji, wala hakuna alalaye ndani yake. Mtu wa kwetu akisimuliwa habari hiyo hucheka. Nyumba huezekwa kwa ajili ya mwenyeji wake; ghala huezekwa kwa ajili ya mahindi; daraja laezekwa kwa ajili ya nani? Mpita njia hukaa juu yake kwa dakika moja tu, na mvua iliyomlowesha kabla ya kufika itamlowesha tena akiisha kutoka.

Paa lile si la mpita njia. Ni la boriti. Mti wa daraja hauuawi na mzigo mara nyingi kama unavyouawa na maji. Ubao mkavu hudumu karne. Gogo lililozama daima katika maji pasipo hewa nalo hudumu sana. Ufao upesi ni mti ulowao leo, ukauke kesho, ulowe tena kesho kutwa. Katika unyevu huo kuvu huota, na kuvu hula nguvu ya mti kutoka ndani huku ngozi ya nje ikibaki na sura njema. Mahali pabaya kabisa ni penye maungio, ambapo boriti hukutana na boriti na maji hutulia yasipate njia ya kutoka. Maseremala wa kale waliyajua haya bila kitabu. Wakaona ni afadhali mbao nyembamba za paa na kuta zinyeshewe na kuharibika, kwa kuwa hizo hubadilishwa kwa urahisi, kuliko kuiachia mvua boriti kubwa zilizobeba daraja zima. Daraja lililo uchi katika nchi zile lilidumu kama miaka kumi au ishirini. Lililoezekwa liliweza kupita miaka mia.

Katika mji wa Lucerne, Uswisi, lipo daraja la namna hiyo lililojengwa karne ya 14, liitwalo Kapellbrücke. Usiku mmoja wa Agosti mwaka 1993 moto uliteketeza sehemu yake kubwa, na kabla mwaka haujatimia wenyeji walikuwa wamekwisha kulijenga upya. Lililo refu kuliko yote ulimwenguni liko Hartland, nchini Kanada: mita 391, lilifunguliwa mwaka 1901, likaja kuezekwa miaka ishirini hivi baadaye. Na sikiliza jambo la kuchekesha. Wakati wa baridi kali watu wa huko walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yaliyokokotwa na farasi na kuteleza juu ya theluji. Paa la daraja lilizuia theluji isiingie, na magari yakakwama juu ya mbao kavu. Ikabidi waajiriwe watu wa kuichota theluji nje na kuimwaga ndani ya daraja! Kinga nayo ina kazi zake.

Sasa mfikirie yule seremala juu ya paa, nyundo mkononi. Kama angetaka kujitazama mwenyewe tu, asingeliezeka. Boriti zile, hata zikiwa uchi, zingemvusha yeye na ng'ombe wake kwa miaka mingi ya uhai wake, na pengine zingeanza kulegea alipokuwa amekwisha kuwa mzee wa kukaa jikoni. Jasho lake na misumari yake alivitoa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa na ambao hawatajua jina lake. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko urefu wa mita 391.

Kwetu sijapata kuona daraja lililoezekwa. Usiharakishe kusema kwamba ni uvivu. Mkaratusi, mti uliotoka Australia, hukua kwa haraka katika udongo wetu, hata mtu akiupanda mtoto wake anapozaliwa, mtoto huyo atavuka juu ya gogo lake akienda darasa la tatu. Mahali ambapo boriti hupatikana upesi namna hiyo, ni akili kubadili gogo mara kwa mara kuliko kulijengea nyumba. Wazee wetu walikuwa na miti bora kuliko huo, kama ile ya msitu wa Elgon iliyo migumu hata msumari hupinda, na mtarakwa usiopendwa na mchwa. Walakini mingi imekwisha kukatwa, na huo uliobaki haifai tuuguse. Mkaratusi mbichi, usiotiwa dawa kiwandani kama zitiwavyo nguzo za stima, huoza baada ya miaka michache. Kwa hiyo daraja la kwetu halina kinga ila mtu anayelitazama, akaona gogo limeanza kulika, akalibadili kabla halijavunjika. Pasipo paa, mkono wa mtu ndio paa. Na mkono huo ni wa nani?

Historia ya nchi yetu imelifanya jibu kuwa gumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kizungu walipewa mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 tawi la reli likafika Kitale kuchukua mahindi yao, huku njia kuu ya kwenda Uganda ikipita Webuye, ambayo wakati ule iliitwa Broderick Falls, na Bungoma. Reli haiwezi kupita juu ya magogo mawili. Madaraja yake yalikuwa ya chuma na mawe, na yalikuwa na mwenyewe: palikuwa na mtu wa mshahara aliyetembea juu ya reli akizigonga na kuzitazama. Vijito vidogo alivyovuka mama mwenye kikapu kichwani havikuwa na mtu wa namna hiyo. Humo walivushwa na jirani zao.

Na hata ujirani huo uliharibiwa. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za jumla, kama vile kufyeka njia na kutengeneza madaraja, pasipo ujira. Asiyekwenda aliadhibiwa. Kazi ambayo mtu angeifanya kwa hiari, kwa sababu mwanawe hupita pale, iligeuzwa kuwa amri. Ni hasara ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote. Mtu akilazimishwa kutenda wema hujifunza kuuchukia wema huo, na chuki hiyo humrithisha mwanawe asiyejua hata ilitoka wapi. Tumepata uhuru mwaka 1963, tumeimba harambee, tumejenga shule kwa michango. Hata hivyo mpaka leo katika vijiji vyetu utamsikia mtu akisema juu ya shimo lililo mlangoni pake, «Hiyo ni kazi ya serikali,» kwa sauti ya mtu aliyeponyoka mtego.

Nilikuwa darasa la sita. Katika njia yetu ya shule, upande wa Bungoma, palikuwa na daraja la magogo mawili na mbao tisa. Wiki moja baada ya mvua za Aprili kushika, ubao wa nne ukakosekana. Labda ulioza ukachukuliwa na maji. Labda mtu aliupeleka jikoni. Lililobaki ni pengo, na chini ya pengo mawe. Sisi wavulana tulifurahi. Tuliligeuza mchezo: nani ataruka akiwa na mkoba, nani ataruka macho yamefumbwa. Watu wazima nao hawakusema neno. Kila mmoja alifika pale, akainua kanga au suruali, akapiga hatua ndefu, akaendelea na safari yake. Kwa siku moja hawakupungua watu mia waliouona ubao ule haupo. Haya yaliendelea wiki tatu.

Asubuhi moja yenye ukungu mtoto wa kike wa darasa la pili, ambaye miguu yake haikufikia upana wa pengo, alianguka. Mguu ulivunjika. Hakuja shule muhula mzima, na aliporudi alikuwa akichechemea. Ninavyojua anachechemea hata sasa.

Jioni ile watu walikusanyika penye daraja, na kila mmoja akawa na jina la mwenzake kinywani. Huyu alisema mwenye shamba la upande wa pili. Yule alisema shule. Wa tatu alisema ofisi fulani. Aliyechukua ubao alilaaniwa sana, kwa kuwa hakuwapo. Wakati maneno yanaendelea alikuja mzee tuliyemwita Kuka, kama watoto wa Kibukusu wawaitavyo wazee wa rika la babu zao, amebeba msumeno na ubao alioubandua katika mlango wa zizi la mbuzi wake. Hakuhutubia mtu. Alipiga magoti, akapima, akakata. Mimi nilikuwa karibu, nikamwuliza kwa ujinga wa utoto, «Kuka, kwani ubao ule ulikuwa wako?» Akanijibu bila kuinua kichwa, «Nami nimeuruka wiki tatu. Shika hapa.» Nikashika.

Jibu lile limenisumbua kuliko masomo mengi niliyofundishwa. Mzee hakusema kwamba daraja ni lake, wala kwamba si lake. Alisema kwamba aliona. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama kuona ni deni. Asiyepita njia ile hakuwa na lawama, hata kama ni tajiri wa mbao. Sisi tuliopita tulikuwa na lawama, hata kama hatukuwa na senti. Umiliki basi si msingi wa jambo hili. Mwenye daraja aliye mbali hawezi kuliona pengo. Mpita njia asiye mwenye daraja analiona kila siku, na ujuzi huo ni wake peke yake mpaka autoe.

Utanijibu kwamba walioona walikuwa mia, basi deni likigawanywa kwa mia, fungu la kila mmoja ni dogo sana, na la mtoto wa darasa la sita ni dogo zaidi. Nilijitetea hivyo kwa miaka. Walakini deni la namna hii haligawanyiki kama mkate. Mguu wa yule mtoto haukuvunjika sehemu moja ya mia kwa ajili yangu na sehemu nyingine kwa ajili ya jirani; ulivunjika wote. Na neno moja la mtu yeyote katika wale mia, au tawi la mti lililolazwa penye pengo kuwa alama, lingetosha kuuokoa wote. Maadam neno langu peke yangu lingetosha, kunyamaza kwangu peke yangu nako kulitosha.

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo ambalo Plutarch ameliandika. Watu wa Athens walihifadhi jahazi la shujaa wao Theseus. Ubao ulipooza waliutoa na kutia mwingine, mpaka wenye hekima wakaanza kubishana: jahazi hili ni lile lile, au ni jingine? Niliwapa wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu fumbo hilo, kisha nikawauliza, kati ya aliyejenga na waliotengeneza, nani mkubwa? Karibu wote walimchagua mjenzi. Nadhani tunamchagua kwa sababu jina lake huandikwa katika jiwe siku ya ufunguzi, na utepe hukatwa, na watu hula. Siku Kuka alipopigilia msumari wa mwisho hapakuwa na utepe. Walakini lifikirie daraja letu la mbao tisa. Baada ya miaka kumi hakuna hata ubao mmoja wa mjenzi uliosalia ndani yake, na bado tunaliita daraja lile lile, na njia haijahama. Kitu gani kilichobaki kile kile? Si mti. Ni safu ya watu waliofika penye pengo wakaona haya kulipita. Wakikosekana hao, mjenzi atakuwa amejenga kuni.

Mwanafunzi mmoja alinipinga, na alinipinga vizuri. «Mwalimu,» alisema, «jenga la saruji na chuma, mjadala utakwisha.» Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 2017, mwezi wa Juni, daraja jipya la Sigiri huko Budalang'i, juu ya mto wetu huu huu wa Nzoia karibu na ziwa, lilianguka kabla halijakamilika. Hilo lilikuwa kosa la ujenzi, si la utunzaji, nami silitaji ila kukukumbusha kwamba saruji haijui kujitunza heshima. Mfano ulio karibu zaidi na hoja yetu uko Genoa, Italia. Daraja kubwa la barabara lililofunguliwa mwaka 1967 lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Nyaya zake za chuma zilifichwa ndani ya zege, na humo, mahali pasipoonekana kwa macho, kutu ilizila. Maji yalipata njia, kama yapatavyo katika boriti ya mkaratusi. Daraja la saruji laweza kumpumzisha mtazamaji kwa muda mrefu. Hatari yake ni kwamba humzoeza kutotazama.

Yupo wa pili asemaye kwamba analipa kodi. Yeye simpingi kwa haraka. Tangu Katiba ya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, barabara za kaunti zina mwenyewe kwa sheria, na raia ana haki ya kudai. Anayetengeneza kila kitu kwa mkono wake na kunyamaza huwafunza viongozi kulala. Kwa hiyo Kuka angekuwa bora zaidi kama, akiisha kupigilia ubao, angekwenda kugonga mlango wa wakubwa. Lakini kudai huchukua miezi, na mtoto wa darasa la pili atavuka kesho asubuhi. Haki ya kudai haiyapi miguu yake urefu.

Katika milima ya Peru, juu ya mto Apurimac, liko daraja la Q'eswachaka lisukwalo kwa nyasi tupu. Jamii nne zinazokaa kandokando hukutana kila mwaka mwezi wa Juni. Wanawake husokota kamba nyembamba, wanaume huzisuka kuwa kamba nene kama paja, hulikata daraja la zamani likaanguka mtoni, na katika siku chache huwa wamekwisha kutandika jipya. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za Wainka, na mwaka 2013 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hapana shaka wangeweza kuvuka kwingine, kwa kuwa daraja la chuma lipo karibu. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hawakukusanyika. Mwezi wa Machi mwaka 2021 daraja likakatika likaanguka. Karne nyingi za kusuka, na mwaka mmoja wa kukosa! Juni ile ile walikwenda kukata nyasi, wakaanza upya.

Mwaka jana nilipita tena katika njia yetu ya shule. Kuka amekwisha kufariki zamani, na magogo niliyoyajua hayapo. Yaliyopo ni mengine, manene kidogo. Nilisimama nikahesabu mbao kutoka upande wa nyumbani. Zilikuwa tisa. Ubao wa nne ulikuwa mpya, mweupe, na vichwa vya misumari yake vilikuwa havijashika kutu. Chini penye mawe mama mmoja alikuwa akifua nguo. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza nani aliyeuweka ubao ule. Akainua macho, akautazama kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, akasema hajui, ameukuta.